Jina la nne

Wasee, mwaka 2023 Tuzo ya Shaw ya astronomia, ile hutolewa Hong Kong, ilienda kwa watu watatu: Duncan Lorimer, Maura McLaughlin na Matthew Bailes. Walituzwa kwa kugundua milipuko mifupi ya redio kutoka mbali angani, ile wanaastronomia wanaiita FRB. Walistahili, sibishi. Lakini kuna jina lingine nataka ulijue leo, na si la profesa.

Turudi nyuma kidogo. Julai 2001, darubini ya redio ya Parkes kule Australia, sahani ya upana wa mita 64, ilikuwa imeelekezwa upande wa Wingu Dogo la Magellan. Ikanasa kitu. Kikapita kwa chini ya milisekunde 5, yaani hata kope haijaanza kushuka kishaenda. Hakuna aliyekiona. Kikahifadhiwa na data zingine, na watu wakaendelea na maisha yao.

Miaka ikapita. Lorimer, wa Chuo Kikuu cha West Virginia kule Marekani, akampa mwanafunzi wake kazi ya kupekua hizo data za zamani. Mwanafunzi mwenyewe anaitwa David Narkevic. Hakuwa na shahada yoyote bado, alikuwa anasoma fizikia na sayansi ya siasa. Ni yeye aliyekuja na ule mlipuko.

Walijuaje umetoka mbali? Elektroni zilizotapakaa angani huchelewesha mawimbi ya redio, na yale ya masafa ya chini huchelewa zaidi. Chukulia matatu na tuktuk zimetoka steji moja saa moja. Ukiwa mwisho wa barabara, pengo kati ya kufika kwa matatu na kufika kwa tuktuk linakuambia safari ilikuwa ndefu kiasi gani. Pengo la ule mlipuko lilikuwa kubwa kupita vile galaksi yetu ingeweza kusababisha. Kumaanisha ulitoka nje ya galaksi kabisa. Makala ikatoka kwenye jarida la Science mwaka 2007.

Hapo ndipo shida ilianza, maana walikuwa na mlipuko mmoja tu. Halafu watafiti wengine wakapata kwenye data za Parkes ishara zinazofanana nao sana, lakini hizi zilikuwa zinaingia kwenye vipokezi vyote 13 kwa wakati mmoja. Kitu cha angani hakifanyi hivyo. Hicho kiko hapa hapa duniani. Wengi wakaanza kushuku hata ule wa 2001.

Mwaka 2015 Emily Petroff, akiwa bado anasomea uzamifu, na wenzake wakamkamata mkosaji: mikrowevu ya pale pale kituoni. Mtu anapasha chakula, njaa inamshinda, anafungua mlango kabla muda haujaisha. Nani hajawahi? Mawimbi kidogo yanatoroka, na sahani ya mita 64 inayasikia. Lakini ule wa 2001 ulipona, kwa sababu ulionekana kwenye vipokezi vichache tu, vile kitu cha angani hufanya. Tena kufikia 2013 milipuko mingine 4 ilikuwa imeshatangazwa, kazi iliyoongozwa na Dan Thornton, naye mwanafunzi wa uzamifu.

Bado hatujamaliza wanafunzi. Paul Scholz wa McGill, Kanada, alikuwa anapitia data za darubini ya Arecibo akakuta chanzo kilichonaswa 2012 kimerudia kulipuka, tena mara kadhaa. Basi si kila mlipuko ni nyota inayokufa mara moja ikaisha. Aprili 2020 mmoja ukatoka ndani ya galaksi yetu wenyewe, kwenye magineta, aina ya nyota ya nutroni yenye sumaku kali ajabu. Na mwaka 2021 darubini ya CHIME ya Kanada ikatoa orodha ya milipuko 535 kwa mpigo.

Sasa mtaniambia mwanafunzi aliona tu kwa sababu alionyeshwa pa kuangalia, kazi yenyewe ni kuelewa umeona nini. Nusu ya hiyo ni kweli. Nusu nyingine imetumika vibaya tangu zamani. Jocelyn Bell aliona palsa ya kwanza mwaka 1967 akiwa mwanafunzi. Nobeli ya 1974 ikaenda kwa msimamizi wake Antony Hewish, pamoja na Martin Ryle.

Mimi kabla sijaacha chuo niliwahi kuingiza data za utafiti wa mhadhiri mmoja, muhula mzima. Nilimwonyesha makosa kwenye jedwali lake yaliyobadilisha matokeo. Ripoti ilipotoka jina langu halikuwemo hata kwenye shukrani. Kwa hivyo ndiyo, hii stori naisoma na uchungu wangu.

Lorimer hakufanya hivyo, lazima nimpe haki yake. Makala ya 2007 ina waandishi watano: Lorimer, Bailes, McLaughlin, Narkevic, Crawford. Wanaastronomia wanauita mlipuko wa Lorimer. Na tuzo ya 2023, ukihesabu kutoka mwanzo wa hiyo orodha, iliishia kwa jina la tatu.