WITCH: Bendi ya roki iliyopanda na kushuka na shaba ya Zambia

Kitwe ni mji wa shaba. Mgodi wa Nkana ndio ulioulea, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchimbaji wa hapo alikuwa na mshahara wa kueleweka, nyumba ya kampuni na redio sebuleni. Watoto wake walisoma, na jioni walisikiliza The Rolling Stones, Jimi Hendrix, Deep Purple na James Brown kama walivyosikiliza vijana wa London. Huko ndiko ilikozaliwa WITCH, bendi ya roki nzito ambayo kwa miaka mitano hivi ilitikisa Zambia nzima kuliko bendi nyingine yoyote ya vijana.

Jina lao lilikuwa kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba wamekusudia kuleta vurugu, na jukwaani walilitendea haki. Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, aliitwa Jagari na mashabiki kwa kumfananisha na Mick Jagger. Gitaa la solo lilipigwa na Chris Mbewe, la rithimu na John Muma, la besi na Gedeon Mwamulenga, na ngoma zilikuwa za Boidi Sinkala. Walivaa pekosi na raizoni, nywele wakaziachia. Onyesho lao lingeweza kuanza saa moja jioni likaisha saa nane usiku, na polisi waliitwa mara nyingi kuwazuia mashabiki waliokosa nafasi ukumbini. Jagari hakuimba amesimama. Aliruka, alicheza, alipanda palipopandika, na zipo simulizi za kumwona akitua jukwaani kwa kujirusha kutoka roshani ya ukumbi.

Santuri yao ya kwanza, Introduction, ilitoka mwaka 1972, na inahesabika kuwa miongoni mwa santuri ndefu za mwanzo kabisa za bendi ya Kizambia. Nakala za kwanza zilikuwa chache, wanabendi wakaziuza wenyewe kwenye maonyesho. Ukiisikiliza leo utasikia vijana wanaojifunza: kurekodi kwake ni kwa haraka, sauti zinagongana, lakini ari ipo. In the Past ikafuata mwaka 1974, na mwaka 1975 ikaja Lazy Bones!!, ambayo kwangu mimi ndiyo kilele chao.

Inafaa kukaa kidogo na santuri hiyo. Gitaa la Mbewe limepitishwa kwenye kifaa cha kukwaruza sauti mpaka linanguruma, kisha anakanyaga kile cha mguuni kinachofanya nyuzi zilie kama mtu anayelalamika. Chini yake besi haikimbii. Inazunguka palepale, mzunguko mfupi unaorudiwa bila kuchoka, na hapo ndipo unapotambua kwamba hawa si vijana wa Uingereza. Mdundo ule ni wa watu waliokulia kwenye ngoma za kwao. Sinkala anapiga ngoma zake kwa kuachia nafasi, wala hajazi kila pengo kama walivyofanya wapigaji wengi wa roki wa wakati ule. Na Jagari anaimba Kiingereza cha mtoto wa Copperbelt, ukanda huo wa shaba, bila kuiga lafudhi ya mtu. Mashairi yana huzuni kuliko unavyotarajia kwa bendi iliyojitangaza kwa vurugu.

Muziki huu ukaitwa Zamrock, na WITCH hawakuwa peke yao. Walikuwepo Amanaz, Ngozi Family ya Paul Ngozi, Chrissy Zebby Tembo, Keith Mlevhu, na Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga. Serikali nayo ilitia mkono. Rais Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alipenda kupiga gitaa, aliagiza asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Kizambia. Agizo hilo lilikuwa la siasa ya utaifa, lakini kwa bendi lilikuwa soko. Kilichokosekana ni studio nzuri. Nairobi ilikuwa na vyombo bora na mafundi waliozoea kazi, kwa hiyo safari za Kenya zikawa jambo la kawaida: Musi-O-Tunya walihamia huko kwa kipindi, na WITCH nao walikwenda kurekodi. Sehemu ya historia ya Zamrock iliandikwa katika jiji la wasema Kiswahili, jambo ambalo sisi wenyewe hatulitaji mara nyingi.

Simulizi iliyozoeleka inasema bendi hizi ziliuawa na disko. Mimi sikubaliani nayo. Disko ilifika ikakuta kazi imeshakwisha, maana kilichozimaliza kilianzia kwenye soko la madini la London. Zambia ilipata zaidi ya asilimia 90 ya fedha zake za kigeni kutokana na shaba. Aprili 1974 bei ya shaba ilifika juu kuliko wakati wowote uliopita, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeporomoka kwa zaidi ya nusu. Wakati huohuo njia za kuisafirisha zilikuwa zikifungwa moja baada ya nyingine. Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ilifunga mpaka Januari 1973, na vita vya Angola vikaikata reli ya Benguela mwaka 1975. Mzigo ukategemea barabara na baadaye reli ya TAZARA kwenda bandari ya Dar es Salaam, iliyokuwa tayari imeelemewa.

Sasa tazama hali hiyo kwa macho ya mpiga gitaa wa Kitwe. Nyuzi za gitaa huagizwa nje. Vipaza sauti, vikuza sauti, malighafi ya santuri, vipuri vya gari la bendi: vyote vinahitaji fedha za kigeni, na fedha hizo sasa zinagawiwa kwa mafuta na chakula. Shabiki aliyekuwa akilipa kiingilio kila mwisho wa wiki ni mchimbaji, na mshahara wake haununui tena kama zamani. Juu ya hayo vita vya ukombozi vya majirani vikaingia ndani. Ndege za Rhodesia zilishambulia kambi za wapiganaji ndani ya Zambia, miji ikazimwa taa usiku, watu wakaogopa kutoka. Maonyesho yakahamia alasiri, yakaisha kabla ya giza. Bendi iliyozoea kupiga mpaka saa nane usiku haiwezi kuishi kwa saa tatu za alasiri.

Santuri ya Lukombo Vibes ilitoka mwaka 1976, na mwaka uliofuata Jagari aliondoka. Hakugombana na mtu. Alikwenda kusomea ualimu wa muziki katika chuo cha Evelyn Hone, Lusaka, kwa sababu alikuwa na familia na bendi ilikuwa hailipi. Sioni usaliti katika uamuzi huo. Ni hesabu ambayo mwanamuziki yeyote wa Afrika Mashariki mwenye watoto anaielewa. Waliobaki waliendelea, na pamoja na mpiga kinanda kijana, Patrick Mwondela, wakageukia disko. Santuri ya Kuomboka ya mwaka 1984 ndiyo iliyofunga ukurasa huo.

Kisha ukaja Ukimwi. Zambia iliripoti mgonjwa wa kwanza mwaka 1984, na ugonjwa ulipita katika miji ya migodi bila huruma. Wanamuziki wa kizazi hicho walikufa wakiwa bado vijana. Paul Ngozi alifariki mwaka 1989. Katika kikosi cha watano wa WITCH nilichokitaja, Mbewe, Muma, Mwamulenga na Sinkala wote walitangulia, akabaki Jagari. Yeye alifundisha muziki, akaokoka, halafu akaingia porini kuchimba vito kwa sururu ili apate riziki. Wakati huo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani walikuwa wakilipa mamia ya dola kwa nakala moja ya santuri zake.

Kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ilizitoa upya kazi zao katika mkusanyiko mmoja, mwongozaji filamu Mwitaliano Gio Arlotta akatengeneza filamu kumhusu Jagari, na mwaka 2017 Jagari akapanda jukwaa la Ulaya akiwa na zaidi ya miaka sitini, pamoja na Mwondela na wanamuziki wa Kiholanzi. Mwaka 2023 wakatoa Zango, santuri mpya iliyorekodiwa Lusaka, ambayo rapa Sampa the Great ameshiriki.

Msomaji wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam mwenye santuri kuukuu za mzazi wake, au aliyewahi kufanya kazi katika studio za Nairobi za miaka ya 1970, azipekue kabla hajazitoa kwa muuza vyuma chakavu. Kanda na santuri za Wazambia waliorekodi kwetu huenda bado zimelala kwenye makabati yetu, na Jagari Chanda yu hai kuzitambua.