Kasida au Disko? Safari ya Mahadhi Yasiyo na Mwenyewe



Ukiiweka kasida ya Talama Ashku Gharami kwenye maulidi ya harusi yako, jitayarishe. Shangazi mmoja aliyekuwa msichana miaka ya sabini anaweza kuinua kichwa katikati ya dufu na kusema, "Hebu! Hii si ile ya Boney M?" Wengine watacheka, wengine watanuna, na wewe bibi harusi, hina ingali mbichi mikononi, utaanza kujiuliza kama umeingiza disko kwenye shughuli ya kumswalia Mtume (SAW).

Shangazi hakukosea masikio. Mahadhi ya kasida hiyo na ya beti za wimbo wa Rasputin ni ndugu wa karibu mno. Swali ni nani mkubwa, nani mdogo, na jibu lake linatupeleka mbali.

Tuanze na huyo mdogo. Rasputin ulitoka mwaka 1978. Wakati huo vijana wa London walikuwa wamekamatwa na panki, muziki wa fujo na nguo zilizochanwa makusudi, lakini kwenye redio na kumbi za kuchezea disko ndilo lililotawala. Boney M lilikuwa kundi lililoundwa Ujerumani na mtayarishaji Frank Farian. Sura zake nne zilitoka visiwa vya Karibi: Liz Mitchell na Marcia Barrett wazaliwa wa Jamaica, Maizie Williams wa Montserrat, na Bobby Farrell wa Aruba. Wimbo ule ulishika namba 1 Ujerumani na namba 2 Uingereza. Unamhusu Grigori Rasputin, yule mtu wa dini aliyekuwa na ushawishi mkubwa kwenye nyumba ya mfalme wa mwisho wa Urusi. Boney M walipokwenda Moscow Desemba 1978, huo haukuimbwa.

Hata ndani ya kundi lenyewe, yupi ni nani ilikuwa fumbo. Ile sauti nzito ya kiume kwenye sahani haikuwa ya Bobby Farrell aliyeonekana akicheza jukwaani. Ilikuwa ya Farian mwenyewe, aliyejifungia studio. Na kwenye sahani watunzi wametajwa watatu: Farian, Fred Jay, na George Reyam. Huyo Reyam jina lake la kweli ni Hans-Jörg Mayer. Soma Mayer kutoka nyuma, utaipata Reyam. Hapakutajwa Uturuki, hapakutajwa mtu wala mji mwingine wowote.

Sasa twende Istanbul. Upande wa Asia wa mji ule, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Bosfori, kuna mtaa uitwao Üsküdar. Waturuki wana wimbo wa zamani wanaouita Kâtibim, yaani "katibu wangu". Neno ni lile lile letu, maana wao na sisi tumelitoa kwenye Kiarabu. Ni wimbo wa mwanamke anayemsifu karani wake: wanakwenda Üsküdar, mvua inawanyeshea, koti lake refu limeingia tope kwenye pindo. Mwanamke anaokota leso, anaijaza lokum, vile vitamutamu laini vya Kituruki. Mengine ni ya mapenzi na wivu wa heshima, kama tunavyoyajua kwenye taarabu zetu. Mwimbaji maarufu Safiye Ayla aliurekodi mwaka 1949, lakini wimbo wenyewe ni mkongwe kuliko yeye.

Hata hapo Istanbul, hadithi ya asili yake ina mabishano. Wapo wanaosimulia kwamba mahadhi yaliletwa na wanajeshi wa Kiskoti waliopita mjini humo wakati wa Vita vya Krimea, 1853 hadi 1856, na watu wa mji wakayatia maneno ya kuwadhihaki makarani waliovishwa makoti na suruali za Kizungu kwa amri ya serikali ya Sultani. Wengine hawataki hata kulisikia hilo.

Na Waturuki hawako peke yao. Mwaka 2003 mtengeneza filamu wa Bulgaria, Adela Peeva, alitoa filamu ambayo jina lake ni swali: wimbo huu ni wa nani? Yote yalianzia Istanbul, mezani na marafiki wa mataifa mbalimbali. Wimbo ulipopigwa, kila mmoja akasema ni wa kwao. Peeva akafunga safari: Uturuki, Ugiriki, Albania, Bosnia, Makedonia, Serbia, mpaka nyumbani kwake Bulgaria. Kila alikofika aliukuta. Pengine ni wimbo wa mapenzi, pengine wa vita, pengine wa dini. Kwa Waislamu wa Bosnia unamtaja msichana wa Anatolia. Aliwachezea Waserbia namna unavyoimbwa Bosnia, wakakasirika na kuondoka mezani. Kwao Bulgaria, kutaja tu kwamba huenda wimbo ni wa Kituruki kulimletea vitisho. Fikiria, dada yangu: watu wanaukumbatia wimbo mmoja, na kwa ajili yake wanakaribia kupigana.

Nje ya nchi hizo pia ulitembea. Mwaka 1924 mpiga klarineti Naftule Brandwein, Myahudi aliyehamia Marekani, aliurekodi kwa namna ya muziki wa harusi za Kiyahudi. Mwaka 1953 Mmarekani Eartha Kitt aliuimba kwa Kituruki na ukaingia kwenye chati za kwao. Waarabu wanao ule wa Banat Iskandaria, mabinti wa Iskandaria. Na huko Bengali, mshairi Kazi Nazrul Islam, ambaye leo ni mshairi wa taifa la Bangladesh, aliyachukua mahadhi haya akayatungia maneno ya kumsifu Mtume wetu Muhammad (SAW). Nazrul alifariki mwaka 1976, miaka miwili kabla ya Rasputin kutoka. Kwa hiyo Waislamu wa Bengali walikuwa wakiyatumia mahadhi haya kwa sifa za Mtume kabla Farian hajaingia studio na Rasputin wake.

Hapo ndipo penye jibu la shangazi: kasida haikuazima kwa disko. Disko ndilo lililokuja mwisho, likakuta mahadhi yamekwishazunguka misikitini, masinagogi, kambini na kwenye harusi.

Wala Rasputin si wimbo pekee wa Boney M wenye ndugu wakubwa. Ma Baker wa mwaka 1977 umejengwa juu ya Sidi Mansour, wimbo wa watu wa Tunisia unaomtaja walii wa Sfax. Wengi wetu tunaujua kwa sauti ya Saber Rebaï. Na mwaka 1981 walitoa Malaika, wimbo wa kwetu kabisa Afrika Mashariki, wa kijana aliyekwama kuoa kwa kukosa mali. Malaika nao una kesi yake. Fadhili William ndiye aliyeurekodi ukajulikana, na Adam Salim alidai kwamba mtunzi ni yeye. Ukaimbwa na Miriam Makeba na wengine wengi duniani, na suala la nani hasa ni mwenyewe halikuisha.

Tofauti ya kesi hizi mbili tuitazame vizuri. Malaika ni wimbo wa karne iliyopita, na waliodai kuutunga ni watu wenye majina. Kuna haki ya mtu ndani yake, na kuna fedha. Haki ya mja si jambo la kupuuzwa. Kâtibim ni wimbo wa watu, hauna mtunzi anayejulikana, na hakuna wa kumlipa. Lakini hata pasipo na wa kulipwa, pana uaminifu. Kusema "mahadhi haya nimeyakuta" hakumpunguzii mtu kitu. Anayeweka jina lake juu ya kazi aliyoikuta, na akanyamaza, ndiye anayewafanya wajukuu zetu wadhani kasida ya Mtume imeigwa kwenye disko.

Na sisi tusiigeukie kesi tukafanya yale yale. Kwa kuwa tumejua kasida haikutoka kwa Boney M, tusiseme basi mahadhi ni ya Waislamu peke yetu. Mayahudi wanayaimbia ibada, Wakristo wa Balkani wana nyimbo zao za mapenzi juu yake, na kila mmoja ameyarithi kwa bibi yake. Hata taarabu yetu ya Unguja ina deni la namna hii. Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, imekulia kwenye ala na makamu za Misri, na Misri nayo ilikuwa imechanganyika na Waturuki kwa karne nyingi. Kâtibim wenyewe uko kwenye makamu ya Nahawandi, ambayo wapigaji wetu wa kanuni na udi wanaijua vizuri. Ndiyo maana unatuingia masikioni kama jambo la nyumbani.

Basi bibi harusi afanye nini? Suala la ala za muziki lina khilafu za wanazuoni, na kwa hilo muulize sheikh au ustadhati wako unayemwamini. Hapa nazungumzia mahadhi tu. Yatazame maneno unayoyaweka juu yake, na nia uliyoikusudia. Mahadhi haya haya yamebeba lokum kwenye leso, yamebeba porojo za nyumba ya kifalme ya Urusi, na yamebeba sifa za mbora wa viumbe. Utakachokichagua wewe kwa siku yako ndicho utakachoulizwa.

Ila kumbuka wageni wako pia. Ikiwa ukumbini wengi ni rika la shangazi, na unajua kwamba mahadhi yakianza tu akili zao zitakimbilia kwenye taa za disko badala ya kumswalia Mtume, si vibaya kuchagua kasida nyingine kwa usiku huo. Kasida tunazo tele. Lakini ukiichagua hiyo, ichague ukijua ilikotoka. Na shangazi akiinua kichwa, mwambie kwa adabu: "Ni kweli shangazi, ni yale yale. Ila Boney M waliyakuta."

Allah azibariki ndoa zetu na azijaalie sakina, mawadda na rehema. Amin.