Sanduku Lisilosikika

Miaka kadhaa iliyopita nilimrekodi mzee mmoja wa Tanga akighani mashairi yake mwenyewe. Tulikaa kwenye chumba cha kuta za saruji, sakafu tupu, bati juu, hakuna pazia wala zulia. Niliporudi Dar niliihariri ile sauti kwenye spika za ofisini, zile kubwa zenye sabufa, nikafurahi kwelikweli. Mzee alisikika mzito, mpana, kama mtu aliyejaa kifua. Siku kipindi kinaruka hewani nilikuwa kwenye daladala, na kwenye redio ya dereva mzee alisikika kama mtu aliyetumbukia kwenye simtanki. Mwangwi wa chumba ulikuwemo tangu mwanzo. Spika za ofisini ziliufunika kwa besi. Nikampigia mwanawe tupange kurekodi upya. Akaniambia mzee amepata kiharusi, maneno hayatoki vizuri tena.

Wapenzi wa fasihi mtaniuliza spika zinatuhusu nini. Zinatuhusu, kwa sababu sehemu kubwa ya fasihi yetu ilitufikia kwa sikio kabla ya jicho, na mtu wa kwanza kuamua itasikikaje ni fundi aliyeketi studio mbele ya spika mbili. Spika zikimdanganya yeye, sisi sote tumedanganyika. Tangu mkasa ule nimekuwa nikifuatilia habari za watu waliohangaika na jambo hili, na kila mara narudishwa kwenye jumba moja kuukuu huko Surrey, kusini mwa London, liitwalo Kingswood Warren. Humo ndimo ilimokuwa idara ya utafiti ya BBC, hadi ilipohama mwaka 2010.

BBC walijitengenezea spika zao. Kwa nini shirika la utangazaji lijiingize kwenye useremala? Kwa sababu spika ya dukani hutengenezwa impendeze mnunuzi, na spika ya studio ina kazi nyingine. Fikiria fundi ambaye spika yake inazidisha sauti za juu. Ataona kipindi kinachoma masikio, atazipunguza, na msikilizaji nyumbani atapokea kitu kilichofifia. Kosa la spika huingia kwenye kipindi likiwa limegeuzwa, kama sura kwenye kioo. Na kama kila studio ina spika ya aina yake, basi kila studio inatoa kosa lake.

Mtu wa kwanza wa kumtaja ni D.E.L. Shorter. Mwaka 1946 alichapisha kazi iliyouliza swali ambalo watu walikuwa wakilipita tu: spika inafanya nini baada ya sauti kukoma? Wengi walipima inavyoitikia kila sauti inapopelekewa umeme. Shorter akapima mabaki. Koni ya spika na mbao za sanduku lake huendelea kutetemeka kidogo baada ya umeme kukatika, na huo mtetemo wa ziada huipaka kila sauti rangi ambayo haikuwemo. Ukisikia mtangazaji anaongea kama yuko ndani ya kabati, hayo ndiyo mabaki yenyewe.

Miaka ya sitini kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Dudley Harwood na fundi wake Spencer Hughes. Shida yao ya kwanza ilikuwa koni. Koni za wakati ule zilikuwa za karatasi, na karatasi hunywa unyevu; tena zile za mzigo huu hazifanani na za mzigo uliopita. Huwezi kuziambia studio zote zisikilize kwa sikio moja ikiwa karatasi zenyewe hazifanani. Wakahamia plastiki iliyoitwa Bextrene, iliyopashwa moto ikafyonzwa kwenye umbo, kisha ikapakwa dawa ya kuituliza, kwa sababu nayo ikiachwa hivihivi ina kelele zake. Hughes baadaye aliondoka akaanzisha kampuni na mkewe Dorothy, wakaiita Spendor, nusu jina lake na nusu la mkewe. Harwood naye, mwaka 1977, alianzisha Harbeth kwa mtindo uleule, beth ikiwa ni Elizabeth, mkewe. Hivi viwanda vya wanandoa vimenifurahisha kuliko nilivyotarajia.

Shida ya pili ilikuwa sanduku. Akili ya kawaida inasema sanduku likitetemeka, weka mbao nene zaidi. Harwood na wenzake wakaona mambo si hivyo. Mbao nene na ngumu haziachi kuvuma. Zinahamishia mvumo wake juu, kwenye masafa ya kati, mahali hasa ambapo sauti ya binadamu inakaa na sikio letu ni kali kuliko popote. Wao wakafanya kinyume: plaiwudi nyembamba ya mti wa birch, ndani ikabandikwa tabaka nzito za lami. Ukuta mwembamba huvuma chini zaidi, na lami huunyonya mvumo huo usiendelee. Sanduku la namna hiyo ukiligonga kwa kidole linatoa sauti butu, kama kugonga gunia la mchele.

Na hapo ndipo linapoingia lile sanduku dogo lililopewa jina lisilo na mvuto hata kidogo, LS3/5A. Lilizaliwa kama kwa bahati. Watafiti walikuwa wakijenga modeli ndogo za studio, kipimo cha moja kwa nane, wajue ukumbi utasikikaje kabla ya kumwaga zege. Kwa kusikilizia majaribio hayo walitengeneza spika ndogo, wakashangaa ilivyokuwa nzuri. Wakati huohuo mafundi wa magari ya matangazo ya nje walikuwa wakilalamika: kwenye gari hakuna nafasi ya spika kubwa, na kuvaa hedifoni saa nzima huku unaongea na wenzako ni adha. Basi kile kifaa cha maabara kikaboreshwa kiwe cha kazi. Kimo chake ni kama sentimita 30, ujazo wa ndani kama lita 5. Unaweza kukibeba kwapani.

Spika zenyewe za ndani zilitoka KEF, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1961 na Raymond Cooke, ambaye naye aliwahi kuwa BBC. KEF walipobadilisha utengenezaji wa vipande vyao, sauti ikabadilika, na BBC wakalazimika kurudi mezani. Ile A mwishoni mwa jina ni kovu la marekebisho hayo. Ndani kuna saketi ya kugawa sauti, yaani nzito ziende kwenye koni na nyembamba ziende kwenye twita, na saketi hiyo ina vipande vingi kuliko ambavyo ungetegemea kwenye kiboksi cha ukubwa ule, kwa sababu kila kigongo kidogo cha sauti kilitafutiwa dawa yake. Hata vile vijiti vya kushikilia pembe za sanduku kwa ndani, ambavyo hakuna atakayeviona, viliandikiwa mti wake: beech, mti mgumu, isiwe paini. Mbao zikibadilishwa kimyakimya, sauti inabadilika.

Walijuaje kwamba wamefika? Vipimo walikuwa navyo, lakini hakimu alikuwa mtu anayeongea. Ala ya muziki mtu anaweza kukosea. Wangapi wetu wanajua zeze fulani lilisikikaje chumbani? Lakini sauti ya mwenzako unayekunywa naye chai kila siku unaijua. Ukiisikia kwenye spika ikiwa na pua au kifua kisicho chake, hakuna grafu itakayokubishia.

Hapa lazima nikiri jambo lililonisumbua. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza tarehe 27 Juni 1957, na babu zetu waliisikiliza kwa masafa mafupi, sauti ikija na kuondoka kama bahari, kwenye redio ya betri yenye spika ya ukubwa wa kiganja. Sasa yote haya ya beech na lami ya nini, ikiwa mwisho wake ni mkwaruzo? Nimelizungusha kichwani muda mrefu. Nadhani jibu ni kwamba mkwaruzo wa njiani sikio huuzoea na kuuvuka. Mtu akiongea kutoka ndani ya pipa, pipa hilo linasafiri naye hadi Sumbawanga, na pale hakuna kitufe cha kulitoa.

Zipo njia nyingine za kufika hukohuko. Yamaha walitoa NS-10 mwaka 1978 iwe spika ya sebuleni, haikupendwa sebuleni, kisha studio nyingi duniani zikaichukua kwa sababu ilikuwa kali isiyosamehe kosa. LS3/5A ilikwenda upande wa pili: BBC walitoa leseni kwa kampuni za nje, Rogers wakiwa maarufu zaidi, na kiboksi cha kwenye gari kikawa kipenzi cha watu wa sebuleni, wanaosaka pea za zamani kwa bei isiyo na adabu. Besi yake ni haba, na ukiipandisha sana utaichoma. Kwenye harusi ya Mbagala haimalizi hata wimbo wa kumwingiza bibi harusi.

Rekodi ya mzee bado ninayo. Juzi niliifungua tena kwenye spika za rafiki yangu mmoja fundi, ndogo, kavu, alizounda mwenyewe kwa plaiwudi. Sikumwambia chochote. Mzee alisema "Bismillahi," na kabla hajaanza ubeti wa kwanza rafiki yangu akauliza, "Hapo mlikuwa kwenye chumba gani?"