Safu ya Lugha: Modeli, Mfano na Kigezo

Neno "modeli", lililoingia katika Kiswahili kupitia Kiingereza lakini lenye asili ya Kilatini, "modulus", yaani kipimo kidogo, husikika Malindi na Kilifi likibebeshwa kila kitu kidogo chenye umbo la kitu kikubwa, kuanzia jahazi la mbao linalouzwa kwa watalii hadi ndege ya kivita ya plastiki ambayo vipande vyake huunganishwa kwa gundi. Kwa jahazi hilo neno "mfano", lenye mzizi mmoja na kitenzi "fanana", linatosha kabisa, kwa kuwa mchongaji hufuata jicho lake na halazimiki kulinganisha mlingoti na mkuku kwa hesabu. Ndege ya plastiki ina sharti la ziada: katika uwiano wa 1 kwa 72, ambao kampuni ya Uingereza ya Airfix iliutumia sana, kila sentimita 72 za ndege halisi huwa sentimita 1, hivyo Hawker Hunter, jeti iliyotumiwa na Jeshi la Wanahewa la Kenya katika miaka ya 1970, yenye urefu wa takriban mita 14, hubaki sentimita 19 hivi. Huo ni "mfano wa uwiano", na anayeuita "modeli" kwa maana hiyo hakosei. Kosa la kusikitisha ni kuuita "kigezo", neno zuri la mafundi litokalo na "geza", yaani iga au linganisha, na ambalo maana yake ni kitu cha kupimia au kuchongea vingine: kigezo hutangulia kazi, ilhali mfano huu hufuata ndege iliyokwisha kuruka.