Kavugho, si Kabugo

Wenzangu, siku ya proklamasio niliitwa mara tatu na sikusimama. Asistanti alikuwa anasoma orodha mbele ya wazazi, akafika kwangu akasema "Kabugo". Kimya. "Kabugo!" Mama akanigusa mkono: "Haiko weye ule?"

Ilikuwa ni mimi. Diploma yangu ya Serikali imeandikwa Kavugho, kadi ya uchaguzi Kabugho, na orodha ya siku ile ilikuwa imepoteza hata ile h. Watu walicheka, nami nikacheka. Kicheko kiliisha pale mwajiri aliponirudishia dosie, akisema diploma na kadi ni za watu wawili. Kazi ikaenda kwa mwingine. Ndipo nikaanza kuuliza: hizi herufi zilitoka wapi?

Ile sauti ya katikati ya jina langu, kwa Kinande, si b na si v. Midomo inakaribiana bila kufungana, kama mtu anayepuliza chai ya moto. Alfabeti ya Kilatini haina herufi yake, kwa hiyo kila aliyeandika alichagua. Huku Kongo wengi waliandika v. Ngambo ya mpaka, Kasese nchini Uganda, ndugu zetu Bakonzo wanaandika b. Mpaka huo ulikubaliwa mwaka 1910 na wazungu, na majina yetu yakabaki pande zote mbili. Mtoto mwanaume wa pili kwetu ni Kambale, kwao Bwambale. Wa tatu ni Kasereka, kwao Masereka. Wa nne Kakule, kwao Kule. Wa tano Katembo, kwao Thembo. Ukijua hesabu hiyo, unajua mtu alizaliwa wa ngapi kabla hajakuambia chochote. Mimi ni binti wa tatu. Na ile gh ni sauti ya "ghali" na "lugha", haiko g ya "gari". Tunaisema kila siku sokoni, lakini mbele ya orodha tunaisahau!

Hili haliko la Banande tu. Muite Mushi anayeandikwa Cirhuza: c yake ni ch, na rh yake inakaribia t. Angalia Rutshuru. Kwa nini t-s-h? Kwa Kifaransa "ch" inasomwa sh, basi waandishi wa kikoloni walitafuta njia ya kuonyesha ch yetu, wakaweka tsh. Ndiyo maana Tshombe ni Chombe na Tshisekedi ni Chisekedi.

Tshombe ananikumbusha jambo. Mwaka 1961, kule Elisabethville (leo Lubumbashi), aliyesimama mbele yake kwa niaba ya Umoja wa Mataifa alikuwa Conor Cruise O'Brien, mtu wa Ireland. Mwaka mmoja nyuma, batalioni ya 32 ya Ireland ilikuwa imepiga kambi hapa hapa Goma. Waireland nao wanalijua tatizo letu vizuri. Conor ni umbo la Kiingereza la Conchobhar. O'Brien ni Ó Briain, yaani mjukuu wa Brian, lililopita kwenye kalamu ya Kiingereza. Kwa Kiireland bh mara nyingi inasomwa v: Siobhán ni "Shivon", na Niamh, kwa mh, ni "Niiv". Mgeni anaona maandishi hayo anadhani ni fujo, kumbe kuna kanuni, ila ni ya lugha yao. Basi watu wawili waligombana Katanga, na kila mmoja jina lake lilivaa herufi za aliyemtawala.

Halafu ikaja 1972. Mobutu akaacha Joseph-Désiré, akaamuru wote tuache majina ya ubatizo. Kardinali Malula akapinga, akalazimika kukaa Roma kwa muda. Watu walitafuta jina la babu ao la bibi wakaliweka nyuma ya lao, na postnom tuliyo nayo leo kwenye kadi ilienea hapo. Baada ya Aprili 1990 maJean na maMarie wakarudi hadharani. Lakini tazameni: mapinduzi yote yale ya otantisite yaligusa majina, hayakugusa herufi. Wazairwa tuliokuwa, tsh ya Mbelgiji ilibaki pale pale. Hapo mimi ninaona walikosea. Kutupa Joseph ilikuwa rahisi. Kazi ngumu ilikuwa kukaa na wazee, kusikiliza, na kukubaliana namna moja ya kuandika Kavugho. 

Wiki iliyopita nilienda komini kutafuta karatasi ya kuthibitisha kwamba hawa wawili ni mtu mmoja. Karani, baba wa makamo, akaniangalia juu ya miwani: "Tuandike na v ao na b, mwanangu?"

"Na v, baba. Juu ndiyo iko kwa diploma."

Akaandika taratibu, akapiga muhuri, akanisomea kwa sauti ili tuhakikishe: "Kavugo."

Nikamwambia h iko pale. Akaitazama, akasema: "Minaiona. Inasemwaka namna gani?" Nikasema. Akajaribu mara mbili, ya pili ikatoka sawa.