Uchafu ni wa nani?

Magazeti na redio za Kenya zina neno zinalolipenda linapotajwa kosa la kumbaka mtoto: kunajisi. "Mshukiwa anadaiwa kumnajisi msichana wa miaka 10." Tumelizoea hata hatulisikii tena.

Tulisikilize. Najisi, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, ni uchafu unaoharibu usafi wa ibada: mkojo, damu, mate ya mbwa. Chombo kikiingiwa na najisi huoshwa. Nguo haiswaliwi mpaka ifuliwe. Kwa hiyo anayesema mtoto "amenajisiwa" anamwambia, bila kukusudia, kwamba sasa yeye ndiye mchafu. Aliyetenda anatoka msafi. Aliyetendwa anabaki na doa.

Aibu hiyo ndiyo inayoziba midomo. Ndiyo inayowaketisha wazee barazani "wayamalize kinyumbani" kwa mbuzi wawili, ilhali Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaweka kifungo cha maisha kwa anayemwingilia mtoto wa miaka 11 au chini yake. Sheria inamtazama mkosaji. Neno letu linamtazama mtoto.

Tunalo neno jingine, nalo ni kavu na la haki: kubaka. Halina habari za usafi. Linataja nguvu na dhuluma. Tena tulitumie likiwa na mtendaji wake. Tusiseme tu "mtoto alibakwa", kana kwamba ni mvua iliyomnyeshea. Tuseme: mwanamume alimbaka mtoto.

Mtoto hana najisi. Tusimpake.