Manukuu ya Wasiolipwa

Wanaosimulia jinsi anime, yaani katuni za Kijapani, ilivyoingia Marekani huanzia kwenye televisheni, na wana sababu: Astro Boy ilianza kuonyeshwa Japani Januari 1963, na mwaka huohuo watoto wa Kimarekani walikuwa wakiitazama kwa Kiingereza. Lakini televisheni ilifanya kila juhudi kuficha asili ya katuni hizo. Sauti zilibadilishwa, majina yakabadilishwa, na palipoonekana pagumu pakakatwa. Hata filamu hazikupona: mwaka 1985 kampuni ya New World Pictures iliitoa Nausicaä ya Hayao Miyazaki kwa jina la Warriors of the Wind, ikiwa imepungua kwa dakika 22 hivi na binti mfalme akiitwa Zandra. Kwa maoni yangu, mazoea ya kuitazama anime kama kazi ya Kijapani, kwa sauti zake zenyewe, yalijengwa na mashabiki waliotia manukuu bila malipo zaidi ya kampuni yoyote.

Mitambo iliwasaidia. Japani na Marekani zilitumia mfumo mmoja wa televisheni, NTSC, hivyo kanda iliyorekodiwa Tokyo ilicheza kwenye deki ya Los Angeles bila taabu (sisi tuliozoea PAL, mfumo mwingine, tungepata shida). Chama cha Cartoon/Fantasy Organization, kilichoanzishwa Los Angeles mwaka 1977, kilikusanya watu kutazama hadithi ambazo wengi wao hawakuelewa hata neno moja. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, kompyuta ya Amiga iliwapa mashabiki njia ya kutia manukuu. Mtu alisikiliza, akabonyeza kitufe mhusika alipofungua kinywa, akabonyeza tena aliponyamaza, na kila mstari ukapata muda wake. Kisha deki moja ilicheza, kifaa kiitwacho genlock kikabandika maandishi juu ya picha, na deki ya pili ikarekodi. Aliyetaka nakala alituma kanda tupu na stempu za kurudishia. Nakala ya nakala ilififia, lakini ilitazamwa.

Kuna watakaosema huo ulikuwa wizi. Kisheria hawajakosea, hakimiliki haikuwa ya mashabiki. Hata hivyo, makundi mengi yaliandika kwenye kanda kwamba haziuzwi, na desturi ilikuwa kuacha kusambaza hadithi ikishapata leseni. Wapo walioivunja, na wachuuzi walifaidi. Ila tazama waliofungua biashara halali: AnimEigo, iliyoanzishwa mwaka 1988, ilitoka humohumo ndani ya ushabiki, ikauza kanda zenye manukuu pamoja na karatasi za kufafanua mizaha na desturi za Kijapani. Mteja wa bidhaa kama hiyo hakulelewa na televisheni.

Pingamizi la ubora ndilo lenye uzito zaidi. Tafsiri nyingi za mashabiki zilikuwa mbovu, nyingine ngumu kama mtihani, na maelezo yalijaza skrini hadi picha ikakosa nafasi. Lakini ustadi wa kupanga maandishi ulikua hapo. Tovuti ya Crunchyroll ilianza mwaka 2006 ikiwa mahali pa watu kupakia video bila ruhusa. Januari 2009 ilianza kuonyesha Naruto Shippuden kwa mkataba na TV Tokyo, na kwa miaka mingi manukuu yake yalitumia ASS, muundo wa faili uliotokana na programu za mashabiki. Kasi ya kutoa manukuu, iliyokuwa silaha kubwa ya mashabiki, ikahamia kwa kampuni. Yale maelezo marefu juu ya skrini hayakuhama nayo.